Jina Lililobaki Nje ya Ukuta

Gisenyi, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Neema,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na mama yako yuko uani anakunyooshea nguo. Mambo ya safari amekwisha kukuambia yote, maji ya kuchemsha, viatu, watu wa kuwasalimia Kigali, sitayarudia. Nimekaa kwenye benchi langu la kazi, nimesogeza patasi pembeni, naandika. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ulichosomea kule Ngara, na kwa sababu Kinyarwanda changu ni cha kusema tu. Nikikiandika kinatoka kama cha mtoto.

Tangu ulipopata kazi hii nimekuwa nakukwepa, na najua umeona. Siku uliyotuambia kwamba utazunguka mikoani na wale watu, mkiandika majina ya waliouawa ili yawekwe kwenye kumbukumbu zinazojengwa, mama yako alichinja kuku. Mimi nikasema kichwa kinaniuma, nikatoka. Kesho yake ukaniuliza kama naogopa barabara. Nikakujibu ndiyo. Ni kweli naogopa. Magari yanachomwa, na mtu anapanda basi asubuhi bila kujua kama atapita Kanama salama. Lakini hilo lilikuwa nusu ya jibu. Nusu ya pili ni kwamba uliniambia uliwaeleza wale waliokuhoji kuwa baba yako ndiye fundi aliyejenga ukuta wa kumbukumbu kule kilimani, karibu na Nyakiriba, na kwamba walipolisikia hilo walitabasamu. Ulilisema kwa fahari sana, mwanangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Kuna jambo la ukuta ule sijakuambia. Sijamwambia hata mama yako.

Babu yako, ambaye nadhani unamkumbuka kwa kikohozi chake tu, alinilea kwa majengo ambayo sikuwahi kuyaona. Kambini kule Tanzania, akitoka shamba, alikuwa anachora kwa kijiti mavumbini nyumba ya mfalme kule Nyanza: paa la nyasi la duara, vijiti vimesimama juu yake, ua wa matete umeizunguka. Alinifanya nitaje kila sehemu. Nikikosea, anafuta kwa kiganja na kuanza upya. Hakuwa mtu wa Nyanza. Alikuwa mkulima wa huku huku, juu ya Kanama, na sidhani kama nyumba ile aliiona zaidi ya mara moja. Lakini alifukuzwa nchini kwa kuwa Mtutsi, akiwa na mke, mtoto mgongoni na sufuria moja, na hilo ndilo jengo alilofanikiwa kutoka nalo. Kwa hiyo nikakua nikiamini kwamba nchi ni kitu kilichosimama mahali, kinachoweza kuguswa kwa mkono. Labda ndiyo sababu nikawa mwashi.

Tuliporudi, kazi ya kwanza niliyopata haikuwa ya kujenga. Palikuwa na nguzo njia panda, ya serikali iliyopita, yenye ngao na maneno ya kujisifu. Nikaambiwa niyaondoe. Nilipiga patasi tangu asubuhi. Wavuvi waliokuwa wakipanda kutoka ziwani walisimama wakanitazama. Nilimaliza kabla ya saa sita, nikanawa, nikala vizuri. Sikujiuliza nguzo ile ilikuwa imewaambia nini watu wale kwa miaka yote waliyopita mbele yake, wala iliwaambia nini siku ile ilipobaki na makovu. Nilikuwa fundi. Nimepewa kazi, nimeifanya.

Ndivyo nilivyoupokea na ule ukuta.

Kilimani pale palikuwa na shimo. Wakati wa mauaji ya kimbari wauaji waliwatupa humo watu waliowaua, na tulipofika sisi wa Tanzania, walionusurika walikuwa wamekwisha kuanza kuwatoa ili wazikwe kwa heshima. Komine, ofisi ya serikali ya hapa, ikaamua ijengwe kaburi moja kubwa, na mbele yake ukuta wa mawe meusi wenye majina. Nilipoitwa sikujadiliana. Shangazi yangu Konsolata, dada wa babu yako aliyekataa kukimbia zamani zile kwa sababu ya ng'ombe wake, aliuawa na wanawe wote, na shimo lake hatulijui mpaka leo. Nilijiambia kwamba nikiwajengea hawa vizuri, nitakuwa nimemjengea na yeye.

Majina niliyaandika kwenye vibao vya saruji. Saruji ikiwa mbichi unaiandika kwa msumari mnene, taratibu, herufi moja baada ya nyingine, na ikishakauka imekauka. Orodha ililetwa na karani wa komine, imepigwa taipu. Nilikuwa nafanya kazi nyuma ya ghala, peke yangu, nikisoma kila jina kwa sauti ndogo kabla ya kuliandika. Hayo niliyafanya vizuri, Neema. Sikukosea hata herufi.

Mama mmoja akaja. Alikuwa na beseni la sambaza, vile vidagaa vya huku, kichwani, ametoka ziwani, na miguu yake bado imelowa. Akasimama mbali kidogo, akasubiri nimalize mstari. Jina lake Verediana. Akaniambia, kwa kile Kiswahili chao cha huku:

"Fundi, mi nakuomba kitu moja. Jina ya bwana yangu haiko kwa liste."

Nikamwambia aende ofisini. Akasema ametoka huko. Akanieleza. Mumewe aliitwa Hitimana, mvuvi. Alikuwa Mhutu, na Verediana mwenyewe ni Mhutu. Katika majuma yale, mumewe alikuwa akiwachukua watu waliokuwa wakiwindwa, anawalaza ndani ya mtumbwi chini ya nyavu, anawavusha upande wa Goma. Alikwenda na kurudi mara nyingi. Mwishowe walimngoja ufukweni, wakamkuta na mwanamke na watoto wawili chini ya nyavu. Wakawaua wote wanne, na wakamtupa yeye pamoja nao, katika shimo lile lile, ili iwe fundisho.

"Mifupa yake iko ndani ya kaburi yenu," akasema. "Jina tu ndio ilibaki inje."

Hakulia. Aliliinua beseni lake akaondoka, kwa sababu samaki wanaharibika.

Mchana ule karani akaja kukagua. Alikuwa mtu wa heshima, sitaki umfikirie vibaya kuliko unavyonifikiria mimi. Aliniambia kwamba yule mama amefika kwake na amemjibu kuwa orodha hii ni ya waliowindwa, si ya kila aliyekufa, na kwamba akifungua mlango kwa mmoja watakuja mia, na nani atajua mkweli ni yupi. "Liste ni liste, fundi. Jina lisilopita kwangu usiliandike." Nikasema sawa.

Mama Verediana akarudi kesho yake, akasimama pale pale. Siku ya tatu alikuja na mtu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzee mwembamba mwenye koti lililomzidi, Mtutsi aliyenusurika. Alikuwa ameandamana naye kwa miguu kutoka kwao. Akanishika mkono, akasema: "Mi niko muzima juu ya ule mutu. Aliniweka chini ya nyavu akanivusha. Nitaweka mukono yangu kwa karatasi yoyote."

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo kosa langu lilipo. Mbele yangu palikuwa na kibao cha mwisho, kibichi. Orodha ilikuwa imekwisha na chini ya jina la mwisho ilibaki nafasi ya mistari miwili. Mwalimu aliiona. Mama Verediana aliiona. Wote watatu tuliitazama ile nafasi. Msumari nilikuwa nao mkononi. Jina lenyewe si refu, ni kazi ya dakika tano.

Nikawaambia waandike ombi, walipeleke komine, kisha wanisubiri. Mwalimu akaniuliza saruji itasubiri mpaka lini. Walipoondoka nikachukua msumari, na ile nafasi yote nikaijaza mchoro wa kikapu cha agaseke, yale mapembe yanayopanda na kushuka. Karani alikuwa amesema ingefaa pawe na alama ya utamaduni wetu mahali fulani. Nikaiweka hapo.

Unaukumbuka mchoro ule. Siku ya uzinduzi mliimba vizuri, wewe ukiwa mstari wa mbele, na mgeni wa heshima alipopita aliinama akaugusa kwa vidole, akasema hiki ndicho kinachoonyesha sisi ni nani. Watu wakapiga makofi. Ukanigeukia ukacheka. Baadaye uliudarizi kwenye kitambaa cha meza. Kila tunapokula naukuta chini ya sahani yangu.

Nimejiambia miaka hii kwamba niliogopa, na ni kweli niliogopa. Nyumba hii tunayoishi si yetu, wenyewe walikimbia, wako ng'ambo, na karatasi inayoturuhusu kukaa humu ilitoka komine hiyo hiyo. Tena mimi nimekuwa mkimbizi tangu mgongoni mwa bibi yako. Mtu wa ofisini akisema kaa, nakaa. Lakini wewe si mtoto tena, na kesho hutakuwa chini ya paa langu, kwa hiyo nikuambie na lile la chini kabisa. Haikuwa hofu peke yake. Yule mama aliposema mumewe alikuwa Mhutu, kitu ndani yangu kilijifunga. Nilimfikiria shangazi Konsolata. Nilimfikiria babu yako na kijiti chake. Nikasema moyoni, na nyinyi pia onjeni. Nilimsema hivyo mtu aliyekufa kwa ajili ya watu wetu. Sikumsema kwa mdomo, lakini mchoro wangu ulimsema.

Mwaka uliofuata mvua zilibomoa lipu upande mmoja nikaitwa kutengeneza. Nilipofika nilimkuta mama Verediana amechuchumaa mbele ya kibao cha mwisho. Alikuwa ameweka kiganja juu ya ule mchoro, mahali palipokuwa na nafasi. Nikadhani atanitukana. Aliniamkia, akaniuliza hali ya watoto, akanyanyuka taratibu akaenda zake. Nilikaa pale mpaka mchanganyiko wangu ukakauka kwenye ndoo.

Tangu siku ile nimejaribu, mwanangu. Nataka ujue kwamba nimejaribu, ingawa sijui kujaribu kunanisaidia nini.

Nilianza na mwalimu. Nilikwenda kwao nimwombe akubali tena kuweka mkono. Nikakuta majirani wamekaa uani kwake. Abacengezi, wale wanaoingia kutoka msituni, walikuwa wamefika siku chache kabla, wakamuua yeye na mkewe. Mtu aliyevushwa akaokoka, alikuja kufia mlangoni kwake. Na ushahidi wote uliokuwapo ulikuwa kichwani mwake.

Nikaenda komine. Karani wa zamani amehamishwa. Huyu mpya ni kijana mpole, amenisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza shahidi yuko wapi. Nikamwambia ameuawa. Akaniuliza kama niliyaandika maneno yake. Nikasema sikuyaandika. Akafungua mikono yake hivi juu ya meza, na kweli sikuwa na la kumlaumu.

Nikasema basi nitaliandika mwenyewe, lolote liwe. Nikachukua patasi na nyundo nikapanda kilimani mchana kweupe. Siku hizi pale panalindwa. Askari mmoja, wa wale waliorudi kutoka Uganda, alinisimamisha. Nikamwambia mimi ndiye niliyeujenga. Akasema anaamini, mzee wangu, lakini bila karatasi hapaguswi, kwa sababu wako watu wanaotaka kupabomoa na yeye hawezi kuijua mioyo. Akanipa maji nikanywa. Nikateremka na patasi yangu.

Mwezi uliopita ndipo nilipomwona mama Verediana sokoni, kule wanakouzia sambaza. Alikuwa amekonda. Walikuwa wamelihama shamba lao kwa ajili ya vita, wakakaa kwenye maturubai, na sasa amerudi na watoto wake watatu. Nikachuchumaa mbele ya beseni lake nikamwambia yote, mchoro, hofu, hata lile la moyoni. Nikamwambia nitatafuta karatasi, nitakwenda mkoani, nitakwenda Kigali ikibidi, jina la Hitimana litaandikwa.

Alinisikiliza huku akiwageuza samaki. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kwa sababu kulikuwa na watu:

"Ile siku nafasi ilikuwa, fundi. Sasa wakiona jina yetu kwa ule ukuta, wale wa pori watakuja kumaliza watoto. Watasema sisi ni watu ya serikali. Acha tu."

Nikamwambia, mama, nisamehe. Akaniuliza nataka samaki kiasi gani.

Hivyo ndivyo ilivyoishia. Kitu alichokuja kuniomba mara tatu kingekuwa heshima siku ile. Leo nikimpa, nitawaua watoto wake. Sikujua kwamba kuchelewa kunaweza kuwa hivyo. Nilidhani mtu akichelewa, anachelewa tu, halafu anafika.

Na kesho unakwenda kukaa mezani na kalamu, na watu watakuja na majina yao. Nimefikiri sana nikuambie nini. Nilitaka kukuambia uliandike kila jina utakaloletewa. Kisha nikakumbuka kwamba karani hakusema uongo, wapo watakaokuja na majina ya wauaji ili wawapumzishe pamoja na waliowaua, na wewe hutawajua kwa sura. Nilitaka kukuambia utii orodha. Hilo siwezi kulisema, mkono hauliandiki. Nilitaka kukuambia usiende kabisa. Mama yako angelia, na wewe ungekwenda hata hivyo, na ungekuwa na haki. Sina, mwanangu. Umekuwa unaniuliza mambo tangu ulipokuwa na miaka minne, mimi nikiwa na jibu hata pale nisipolijua. Leo sina.

Labda niseme hili tu. Atakapofika mtu ambaye jina lake halimo, mtazame kabla ya kuitazama karatasi. Mpe kiti. Na ukiona kitu ndani yako kinajifunga, kama kilivyojifunga changu, usikimbilie kukiita sheria. Andika alichosema, na jina la aliyekuja kumshuhudia, hata kama ni kwenye ukurasa wa nyuma, hata kama mkubwa wako atacheka. Mimi yule mwalimu alisimama mbele yangu mzima, anapumua, na sikumuuliza hata jina lake la pili.

Sijijengi upya kwa barua hii, na wala sitaki unionee huruma. Nilitaka utoke nyumbani ukijua ni nani aliyekulea. Utakaposimama mbele ya kumbukumbu nyingine, huko Butare, Kibuye, kokote watakakokupeleka, utakuta kazi za mafundi wengine. Zitakuwa nzuri. Usizidharau kwa sababu yangu. Waliomo ndani ni wetu, na wanastahili kila jiwe.

Nasikia sauti yako njiani, unacheka na wenzako. Nimeisoma barua hii tangu mwanzo na nimeona nilichofanya. Nimeandika jina la Hitimana, na la mkewe, na kilima alipozikwa, na idadi ya watoto waliobaki. Na wewe kesho utapita barabara ambako mabasi yanasimamishwa na wale wa msituni na mifuko inamwagwa chini. Nimeshika kalamu niyakate yale majina, nimeshindwa. Ni mara ya kwanza nimeliandika jina la Hitimana.

Kwa hiyo nitakupa barua hii ukiingia tu, uisome chumbani kwako. Liseme jina lake kwa sauti, mara moja, nikusikie kutoka huku nilipo. Kisha nenda kwa mama yako jikoni, uitie motoni, usubiri iungue yote.

Baba yako anayekupenda.